Kutosheka hujifunzwa: mwongozo kwa Mkristo aliyechoka kufukuzia vitu

Paulo alipowaandikia Wafilipi alikuwa kifungoni. Epafrodito alikuwa amemletea zawadi kutoka kwa kanisa lile, naye mwishoni mwa waraka anawashukuru. Ndani ya shukrani hizo kuna maneno niliyoyasoma mara nyingi bila kuyasikia: "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo" (Wafilipi 4:11). Nimejifunza. Mtume aliyemwona Bwana njiani na kupanda makanisa hakukabidhiwa kuridhika siku ya ubatizo wake. Aliingia darasani kama sisi, na darasa lenyewe lilikuwa la njaa, safari, fimbo na minyororo.

Naanzia hapo kwa sababu Wakristo wengi wanajilaumu bure. Waliomba waondolewe tamaa, kesho yake wakaamka na tamaa ileile, wakaamua kwamba imani yao ni ndogo. Jambo la kujifunza lina hatua, lina kurudia, na lina siku za kukosea. Hatua hizi zitakuchukua miezi mitatu hivi. Unahitaji Biblia, daftari moja na kalamu. Usizimalize kwa siku moja.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Kuna hali zinazofanana na kuridhika, na ukizichukua badala yake utapotea. Mojawapo ni kukata tamaa: mtu ameacha kutarajia chochote ili asiumie tena, kisha anaiita hali hiyo utulivu. Nyingine ni uvivu. Paulo huyuhuyu alishona mahema, na aliwaambia Waefeso kwamba mtu atende kazi kwa mikono yake "apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji" (Waefeso 4:28). Mtu aliyeridhika hufanya kazi kwa bidii. Tofauti ni kwamba kazi haimfukuzi usiku.

Ya tatu ni kiburi cha kujinyima, na hii ndiyo inayowanasa watu wa dini. Mtu anavaa vilivyochakaa, halafu anawapima wenzake kwa nguo zao. Neno la Kiyunani alilolitumia Paulo kusema "kuwa radhi" lilikuwa la wanafalsafa wa Kistoa, na kwao lilimtaja mtu anayejitosheleza, asiyemhitaji yeyote. Paulo amelichukua akaligeuza ndani nje, kwa maana mistari miwili baadaye anaeleza siri yake: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Mstari huu siku hizi hubandikwa kwenye ndoto za biashara na mitihani. Usome pamoja na ule unaoutangulia, uone "mambo yote" ni yapi: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Paulo anasema Kristo humtia nguvu ya kuyapita hayo yote bila kuvunjika wala kulewa.

Tena, kuridhika si mfuniko wa kumfunika aliyedhulumiwa. Yakobo anasema mishahara iliyozuiwa kwa hila inalia, na vilio hivyo vimemfikia Bwana (Yakobo 5:4). Yohana Mbatizaji aliposema "mtoshewe na mishahara yenu" (Luka 3:14) alikuwa akisema na askari, watu wenye silaha ambao wangeweza kujiongezea kipato kwa kuwanyang'anya raia. Ukiwa mwajiri, usimhubirie kutosheka mtu anayekudai jasho lake. Mlipe kwanza.

Hatua ya 2: Andika matamanio yako kwa siku saba

Wahenga walisema macho hayana pazia. Mithali inasema macho ya wanadamu hayashibi (27:20). Kabla ya kupigana na tamaa, ijue inaingilia wapi.

Kwa wiki moja, kila unapojikuta unasema moyoni "laiti ningekuwa na...", andika mambo manne: kitu chenyewe, ulikuwa wapi ulipokitamani, nani anacho, na unaamini kitakupa nini. Usijihukumu wakati wa kuandika. Andika tu, kama daktari anavyoandika joto la mgonjwa.

Safu ya tatu itakushangaza. Amri ya kumi inalirudia neno "jirani" mara tatu: nyumba ya jirani, mke wa jirani, chochote alicho nacho jirani (Kutoka 20:17). Mungu anajua kwamba hatutamani vya wafalme wa mbali. Tunatamani vya mtu tuliyesoma naye, vya shemeji, vya yule wa mlango wa pili. Mwezi mmoja kabla hajakileta hicho kitu, hatukujua kama tunakihitaji.

Safu ya nne ndiyo yenye kazi, kaa nayo. Mtu anaandika "gari", na ukimwuliza gari litampa nini anajibu: wakwe wataniheshimu. Mwingine anaandika "nyumba kubwa", na chini yake kuna hofu ya kurudia umaskini wa utotoni. Vitu hivyo vimebebeshwa mzigo visivyoweza kuubeba. Heshima, usalama, kupendwa, kusahau aibu ya zamani: hayo ni mahitaji ya kweli, na Mungu hayadharau. Lakini yakishafungwa kwenye kitu, kitu kikija na haja ikabaki palepale, tunahitimisha kwamba tulikosea kipimo, tunataka kikubwa zaidi. Ndiyo maana Paulo anaita kutamani ibada ya sanamu (Wakolosai 3:5). Sanamu ni kitu kinachoombwa kutoa kile ambacho Mungu pekee anaweza kutoa.

Msome Ahabu katika 1 Wafalme 21 wiki hiyo. Mfalme mzima, mwenye jumba na jeshi, anajilaza kitandani, anageuza uso, anakataa kula, kwa sababu Nabothi amekataa kumpa shamba lake la mizabibu. Alitaka kulifanya bustani ya mboga. Ufalme wote ukapoteza ladha kwa ajili ya kipande kimoja kisicho chake, na kabla sura haijaisha mtu asiye na hatia amepigwa mawe. Tamaa mbele, mauti nyuma. Safari hii mauti yalianza kwa mwingine.

Hatua ya 3: Funga malango unayoweza kuyafunga

Daftari lako sasa linaonyesha mahali. Ikiwa matamanio mengi yalizaliwa ukitazama simu kitandani, simu ilale chumba kingine. Ikiwa ni ukurasa fulani wa mauzo, uache. Ikiwa ni mazungumzo ya kundi fulani la marafiki, punguza muda, au wewe mwenyewe ubadilishe mazungumzo.

Kuna lango moja ambalo ni gumu kulisema, nalo liko kanisani. Yako mahubiri yanayofundisha kwamba utajiri ni alama ya imani na upungufu ni alama ya dhambi. Mtu anakaa chini yake miaka mingi akidhani anajengwa, kumbe tamaa yake imevishwa joho. Paulo alimwonya Timotheo juu ya watu "wakidhani ya kuwa utauwa ni njia ya kupata faida" (1 Timotheo 6:5), na papo hapo akaandika kwamba utauwa pamoja na kuridhika ndio faida kubwa. Kama kila ibada inakutoa ukiwa na njaa ya vitu iliyoongezeka na njaa ya Mungu iliyopungua, chunguza unachokula.

Hatua ya 4: Hesabu ulivyo navyo

Chukua siku moja, pita chumba kwa chumba na daftari. Fungua makabati. Hesabu nguo, viatu, vyombo, vifaa vya umeme, vile vilivyowekwa "kwa ajili ya siku moja". Weka alama kwa kila kitu ambacho hujakigusa mwaka mzima.

Ukifanya hivyo soma Kutoka 16. Mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, ilikusanywa pishi moja kwa kila mtu. Aliyekusanya vingi hakubakiwa na kitu, aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Wako waliobakiza hadi asubuhi kinyume cha agizo; kikatoa mabuu na kunuka. Siku ya sita pekee waliruhusiwa kukusanya maradufu, kwa ajili ya Sabato, na hicho hakikuoza. Naona hekima kubwa hapo kwa mtu anayeuliza kama akiba ni dhambi. Mungu hakuchukia kuweka. Kilichooza ni kile kilichowekwa kwa kutoamini kwamba kesho yake naye atakuwepo. Ada ya shule ya mtoto, dawa, siku za uzee, hizo ni akiba za siku ya sita. Lakini makabati yetu yana mabuu pia, ila mabuu ya siku hizi hayanuki: ni vumbi, ni msongamano, ni deni la kitu ambacho hata hatukitumii.

Hatua ya 5: Weka kiwango cha "inatosha" kabla fedha haijaja

Hii ndiyo hatua niliyoiona inabadilisha watu kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa.

Yule tajiri katika mfano wa Yesu wa Luka 12 hakuiba. Shamba lake lilizaa sana, kwa halali kabisa. Msikilize anavyojishauri: ghala zangu, mavuno yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Hana mtu wa kuongea naye ila yeye mwenyewe. Tena hakuwa ameamua mapema kinachomtosha ni kiasi gani. Kwa hiyo mavuno yalipozidi, swali pekee aliloweza kuuliza lilikuwa la mahali pa kuyaweka. Ghala kubwa zaidi. Usiku uleule roho yake ikatakiwa.

Fedha ikishaingia mkononi huja na mipango yake, na mipango hiyo hujiita mahitaji. Kwa hiyo amua ukiwa huna. Keti, ikiwa una mwenzi ketini wawili, andikeni: chakula, malazi, nguo, shule, matibabu, kuwasaidia wazazi, akiba, kitu kidogo cha kufurahia. Jumlisheni kwa uaminifu, bila kujibana kwa kujionyesha. Kiasi hicho ndicho "inatosha" yenu ya mwaka huu. Chini yake andikeni: kikizidi hapa, sehemu kadhaa itakwenda mahali fulani. Tajeni mahali penyewe.

John Wesley, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18, alisimulia katika mahubiri habari za kijana mmoja wa Oxford. Mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Mwaka wa pili alipata 60. Akaishi kwa 28 zilezile, akatoa 32. Mwaka wa tatu 90, akatoa 62. Wa nne 120, akatoa 92. Wengi huamini kijana huyo alikuwa Wesley mwenyewe. Mwenye familia inayokua hawezi kuganda kwenye kiasi kimoja miaka yote, na bei hupanda. Kinachonigusa ni kwamba nyongeza haikumpandisha maisha bila ruhusa yake. Zaburi inasema mali ikizidi msiiangalie sana moyoni (62:10). Pauni za mwaka wa nne zilikuta moyo ulishaamua tangu mwaka wa kwanza.

Na kama hesabu inaonyesha kwamba mapato hayafiki kwenye "inatosha", usiione aibu. Hilo ni hitaji halisi, na hatua ya 9 ni yako.

Sala ya kuambatanisha na karatasi hiyo iko katika Mithali 30:8-9. Aguri anaomba: "Usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu." Anaogopa akishiba atamkana Mungu, akiwa maskini sana ataiba. Anaujua udhaifu wake pande zote mbili. Ni wachache tunaothubutu kuomba tusipewe utajiri. Isome kwa sauti uone kama koo halikwami.

Hatua ya 6: Subiri kabla ya kununua

Kwa kitu chochote kilicho nje ya orodha, subiri siku thelathini. Kwa kidogo, siku tatu. Andika tarehe. Siku ikifika jiulize: bado ninakikumbuka? Nikikinunua kimyakimya asijue mtu, bado nitakitaka? Nitakilipia kwa fedha niliyo nayo? Ukijibu ndiyo zote, nunua kwa shukrani na ukitumie bila hatia. Mungu anatupa vitu vyote kwa wingi ili tuvitumie kwa furaha (1 Timotheo 6:17), na mtu anayenung'unikia kila starehe hajaridhika bado.

Hatua ya 7: Toa, na utoe vitu vizuri

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Rudi kwenye vitu ulivyovitia alama. Vilivyoharibika tupa au tengeneza. Maskini si jaa. Vizima toa mwezi huu, kwa mtu unayemjua ikiwezekana, kwa namna isiyomwaibisha. Kisha chagua kitu kimoja unachokipenda, ukitoe nacho. Kutoa usichokitaka husafisha nyumba. Kutoa ukipendacho huonyesha nani alikuwa anammiliki mwenzake, wewe au kitu.

Wengi huuliza kiasi. Yesu hakutoa jibu moja. Yule kijana tajiri aliambiwa auze vyote. Zakayo alitoa nusu na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, na Yesu akatangaza wokovu nyumbani mwake. Akina Yoana na Susana walibaki na mali zao, wakazitumia kumhudumia Yesu na wanafunzi (Luka 8:3). Mariamu, mama yake Yohana Marko, alikuwa na nyumba ya kutosha watu wengi kukusanyika, na kanisa lilikuwa linaomba humo usiku Petro alipotoka gerezani. Hakuiuza, aliufungua mlango. Basi, kabla hujauliza utoe asilimia ngapi, uliza kilichobaki kinafanya kazi gani.

Hatua ya 8: Ifundishe nafsi kunyamaza

Zaburi 131 ina mistari mitatu tu. Ikariri. Daudi anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Mtoto anayenyonya akiwekwa kifuani hutafuta maziwa, hutapatapa, hulia. Aliyeachishwa anakaa palepale kwa sababu anamtaka mama mwenyewe. Na kuachishwa kuna siku za kulia, kila mama anajua. Tamaa inapokupigia kelele wiki za kwanza, usidhani mwongozo umeshindwa.

Kila jioni keti dakika kumi. Taja kwa majina mambo matatu ya siku hiyo uliyopokea, madogo madogo, bila kurudia ya jana. Soma Zaburi hiyo. Kisha nyamaza bila kuomba kitu. Mwanzoni utaona dakika hizo ni ndefu.

Siku ambayo wivu umekushika kweli, nenda Zaburi 73. Asafu anakiri kwamba miguu yake ilikaribia kuteleza alipoona raha ya waovu. Hasemi alijipa moyo kwa kuwaza kwamba siku moja naye atapata. Anasema mambo yalikuwa mazito mpaka alipoingia patakatifu pa Mungu. Basi nenda kwenye ibada hata kama una wivu. Nenda nao hivyohivyo.

Kama una watoto, wasikie shukrani hizo za jioni. Wasikie pia mkisema "hatutanunua, tulivyo navyo vinatosha" kwa sauti ya amani. Ukisema kwa uchungu, watajifunza uchungu.

Hatua ya 9: Siku za kupungukiwa

Paulo alijifunza masomo mawili, kuwa na vingi na kupungukiwa. Hatua zilizotangulia zinamhusu zaidi mwenye vya kuzidi. Ikiwa kazi imekwisha, ugonjwa umekula akiba, au hesabu haifiki tu, fanya haya.

Sema ukweli kwa Mungu bila kuupamba. Sala ya Bwana ina ombi la riziki ya leo, haina aibu. Kisha sema ukweli kwa mtu mmoja mwaminifu kanisani, na ukipewa msaada upokee. Paulo aliyekuwa radhi na hali yoyote aliipokea zawadi ya Wafilipi, akawaambia wamefanya vema kushiriki naye katika dhiki yake. Kukataa mkono wa ndugu kwa jina la kuridhika ni ule Ustoa wa hatua ya kwanza umerudi kwa mlango wa nyuma. Usikope ili watu wasijue. Endelea kutafuta kazi. Na shika ahadi ya Waebrania 13:5: tunaambiwa tuwe radhi na vitu tulivyo navyo "kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Sababu ya kuwa radhi inayotajwa pale ni Mungu aliyepo chumbani, hata kabati likiwa tupu.

Baada ya miezi mitatu

Fungua kurasa za wiki ile ya kwanza. Soma kila "laiti" uliyoiandika. Yale ambayo hata hukumbuki uliyatakia nini, yapige mstari. Yale yaliyobaki yagawe mawili: mahitaji ya kweli, uyapeleke kwenye maombi na kwenye mpango wa fedha, na yale ambayo bado yanauma bila sababu, uyasome kwa sauti mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Geuza ukurasa, andika tarehe, uanze wiki nyingine ya siku saba. Safari hii ongeza safu ya tano: Mungu alikuwa amenipa nini siku hiyo hiyo?